Jitihada haiondoi kudura: basi jitihada ni ya nini?

Mwanakutwa

Wakuu, amani iwe kwenu.

Methali hii kwetu imegeuka kufuli. Mtoto akifa tunasema imeandikwa, bodaboda ikipinduka tunasema siku zake zilifika, uchumba ukivunjika tunasema haikuwa riziki, na mazungumzo yanaishia hapo. Leo naomba tuuache mlango wazi. Wala sitaki tuzungumze hewani. Tuchukue jambo moja ambalo hakuna anayeweza kudai alilichagua, tulifuate hatua kwa hatua, tuone kudura inaishia wapi na mkono wa mtu unaanzia wapi.

Nimechagua selimundu, wengine mnaiita siko seli. Ukitafuta kitu kilichoandikwa kwa maana ya neno lenyewe, ndicho hiki. Kwenye kinasaba chenye maagizo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kuna mahali pameandikwa GAG. Kwa mwenye selimundu pameandikwa GTG. Herufi moja tu, A imekuwa T. Kwa sababu hiyo kiungo cha 6 kwenye mnyororo wa viungo 146 kinabadilika: panapotakiwa asidi ya glutamiki panakaa valini. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hunatana na kuwa nyuzi ndefu ngumu, nazo nyuzi husukuma ganda la chembe nyekundu mpaka ijikunje kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hiyo huishi 10 hadi 20. Zilizojikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Mtoto hakuulizwa. Wazazi hawakuchagua herufi. Baada ya hapo kimebaki nini cha kuamua, na anayeamua ni nani? Karibuni wenye maabara, wenye dini, wenye hesabu na wenye falsafa.

MaabaraNne

Mkuu umeanzia pazuri. Ila kama ni maandishi, kwanza tujue kuyasoma, maana wapo wengi walioipokea "kadari" iliyosomwa vibaya.

Kipimo kilichozoeleka ni cha kuchanganya tone la damu na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha kutazama kwa hadubini kama chembe zinajikunja. Kipo na cha pili: damu inatiwa kwenye kibomba chenye maji ya dawa, nyuma ya kibomba inasimamishwa kadi yenye mistari myeusi. Ukiiona mistari, himoglobini S, yaani ile ya selimundu, haipo. Maji yakiwa na ukungu ukaikosa mistari, S ipo. Vyote viwili vinajibu swali moja tu, S ipo au haipo. Havitofautishi mbebaji (AS, aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu) na mgonjwa (SS, aliyeirithi kwa wote wawili). Matokeo yake mtu anaambiwa "una siko seli", anabeba hofu miaka mingi, kumbe ni AS na hana ugonjwa. Na kwa kichanga wa chini ya miezi 6 kipimo hiki huweza kusema S haipo wakati ipo, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini F ya tangu tumboni mwa mama.

Kinachotenganisha ni elektroforesisi. Chembe zinapasuliwa, tone la himoglobini linawekwa kwenye ukanda, umeme unapitishwa. Kwenye kimiminika cha pH 8.4 hadi 8.6 himoglobini A, ile ya kawaida, hukimbia mbele kuliko zote, F hufuata, S hubaki nyuma, C, aina nyingine ya kurithi, hubaki nyuma zaidi. Unaona misitari imejipanga kwenye ukanda kama wakimbiaji. AS anaonyesha misitari miwili, A ikiwa nyingi kuliko S. Kwa kawaida S huwa kati ya 35% na 40%. Ukikuta S imeizidi A, usiandike AS ukaishia hapo. Huenda mtu ana S upande mmoja na thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini, upande wa pili, na huyo ni mgonjwa. Kwa familia zenye asili ya Uarabuni au Bara Hindi jambo hili ni la kuangaliwa kwa makini.

Jingine: aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 asipimwe, au akipimwa jibu lisichukuliwe kuwa lake. Utasoma A ya mtu aliyemchangia.

Hesabu_Mezani

Wacha niingie kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo neno "imeandikwa" linapotumika vibaya kuliko popote.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 25% ya AA (asiye na S), 50% ya AS, 25% ya SS. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa katika watoto wanne, mmoja lazima augue na watatu lazima wawe salama. Mama mwenye mtoto mmoja SS huambiwa na majirani, "basi zamu imepita." Hakuna zamu. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Ya tano ina 25% ileile iliyokuwa nayo ya kwanza.

Chukua familia 1,000, kila moja wazazi AS na AS, kila moja watoto wanne. Matarajio ya hesabu ni haya: familia 316 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, 422 zitakuwa na mmoja, 211 wawili, 47 watatu, na familia 4 wote wanne. Zile 316 zitasema "tulimtegemea Mungu, hatukupima, na watoto wazima." Zile 4 zitaambiwa zimerogwa. Wote wamepita kwenye bahati nasibu moja, na hakuna aliyefanya lolote tofauti na mwenzake.

Sasa mbadilishe mzazi mmoja awe AA. Nafasi ya SS inakuwa 0. Haijapungua, imeondoka. Mwanakutwa, kwangu jibu la swali lako ni hili: ndani ya mimba hakuna hiari hata chembe, lakini kwenye kuamua nani azae na nani, iko tele. Vitu hivyo viwili vimetenganishwa na karatasi moja ya maabara.

Pwani_Kusi

Nakazia, na niongeze kipande cha historia ya kwetu. Watu huuliza, kama herufi ni mbaya hivyo mbona haikufutika? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa AS anakingwa na malaria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kinga hiyo hufikia karibu 90% dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo herufi ileile inamwokoa mtoto wa AS na kumtesa ndugu yake wa SS. Anayesema "ni laana ya ukoo" aikumbuke hiyo 90%. Bila herufi hiyo pengine ukoo wenyewe usingefika hapa.

Ukungu

Mmefanya kazi nzuri, lakini mmelivuka swali lenyewe. Mnasema mimba haina hiari ila mtu anayechagua mchumba anayo. Nani kasema? Na huo uamuzi nao unatoka kwenye ubongo, na ubongo ni nyama, umeme na kemikali.

Nawawekea jaribio linalosumbua watu tangu 1983. Benjamin Libet na wenzake, Marekani. Mtu anakaa mbele ya saa yenye nukta inayozunguka mara moja kila sekunde 2.56. Elektrodi zimebandikwa kichwani, moja muhimu iko utosini. Elektrodi nyingine ziko mkononi, za kunasa sekunde hasa msuli unapoanza kufanya kazi. Anaambiwa: kunja kiganja wakati wowote unaotaka, usipange, kisha tuambie nukta ilikuwa wapi ulipohisi hamu ya kukunja. Anarudia mara 40 kwa kila mzunguko wa jaribio, kisha mawimbi yote yanajumlishwa na kutafutiwa wastani, kwa sababu wimbi moja likiwa peke yake humezwa na kelele za ubongo.

Jibu: wimbi la umeme wa ubongo, liitwalo wimbi la utayari, linaanza kupanda kama milisekunde 550 kabla ya msuli. Hamu inahisiwa kama milisekunde 200 kabla. Ubongo umeanza zaidi ya theluthi ya sekunde kabla mwenyewe hajajua kuwa "ameamua". Mwaka 2008 kikundi cha John-Dylan Haynes kule Leipzig kikatumia mashine ya kupiga picha ubongo (MRI) na vitufe viwili, wakaona dalili za kitufe kipi kitabonyezwa hadi sekunde 7 kabla mtu hajajua.

Basi huyo mchumba wenu wa AS akisema "nimeamua", tumwamini kwa lipi?

Nusu_Sekunde

Ukungu, umelieleza jaribio vizuri kuliko wengi, lakini umelisimamisha 2008. Limeendelea.

Tuanze na Leipzig. Usahihi wa kutabiri kitufe ulikuwa kama 60%. Kwa vitufe viwili, anayebahatisha tu anapata 50%. Huo ni mwelekeo, ni kama kujua kuwa mtu ana desturi ya kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Hujapata hukumu iliyokwisha kutolewa.

Kisha wimbi lenyewe. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake waliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: kama ubongo daima unapanda na kushuka wenyewe, kama mawimbi ya bahari kabla ya upepo, na mtu ameambiwa "kunja wakati wowote", si atakunja pale wimbi litakapokuwa limepanda? Sasa wewe chukua mara zote 40 alizokunja, zipange kwa kurudi nyuma kuanzia sekunde ya msuli, utafute wastani. Ni lazima uone mlima unaopanda. Umechagua nyakati zilizopanda tu, zile ambazo wimbi lilipanda likashuka bila mkono kusogea hukuzihesabu. Mlima ule huenda umetengenezwa na namna ya kuhesabu, wala si agizo lililotangulia.

Hata Libet mwenyewe hakuiondoa hiari. Alisema unabaki muda mfupi, kama milisekunde 100 hadi 200, ambamo mtu anaweza kuzuia. Mwaka 2016 watafiti wa Berlin walilipima hilo: kompyuta ilisoma wimbi la utayari, likipanda tu inawasha taa ya kumwambia mtu "simama". Watu waliweza kusimama mpaka kama milisekunde 200 kabla ya kusogea. Baada ya hapo walikuwa wamechelewa.

La mwisho ndilo linalomhusu mchumba wetu. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliwapa watu maamuzi ya aina mbili: ya kubonyeza tu bila sababu, na ya kuchagua shirika gani la hisani litapewa dola 1,000 za kweli. Kwenye la kwanza wimbi la utayari lilionekana. Kwenye la pili, lenye uzito, halikuonekana. Jaribio la Libet liliwaomba watu waamue jambo lisilo na sababu yoyote, kisha tukashangaa kuwa sababu haikuonekana. Anayeketi na karatasi ya AS mkononi hakunji kiganja. Anapima wiki nzima.

Ukungu

La wastani wa kurudi nyuma nalikubali, sikuliweka na ilinipasa niliweke. Lakini shina la hoja yangu halijang'oka. Hata akipima wiki nzima, vizani anavyopimia, yaani hofu yake, malezi yake, alichosikia msikitini au kanisani, vyote alivikuta. Hakuvitengeneza.

Bin_Majid

Ndugu Ukungu, neno hilo la mwisho ni zito na ni la zamani. Niruhusu nilijibu kwa upande wa kadha na kadari, yaani hukumu na mpango wa Mungu, kwa sababu watu wanadhani Uislamu unasema "kaa, imeandikwa".

Mwaka 18 Hijria, sawa na 639, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi za Syria. Alipofika Sargh makamanda walimpokea na habari ya tauni. Hakuamua papo hapo. Aliwaita Muhajirina, waliohama Makka na Mtume, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana: rudi na watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubaida, mmoja wa makamanda, akamuuliza, "Unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Umar akajibu kuwa ndiyo, tunakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampa mfano: una ngamia, umeshuka nao bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, ukilisha penye majani si umelisha kwa kadari yake, na ukilisha penye ukavu si kwa kadari yake? Baadaye Abdurrahman bin Auf akaja na Hadithi: mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Sehemu hii ya pili wengi huiruka. Umar hakuondoka mahali palipo na ugonjwa, alikuwa hajaingia. Tofauti hiyo ni ya kitabibu kabisa.

Kwa upande wa itikadi palikuwa na ncha mbili. Majabriya, waliohusishwa na Jahm bin Safwan, walisema mtu ni kama unyoya kwenye upepo. Wakadiria, na Mu'tazila baada yao, walisema mtu ndiye anayeumba kitendo chake. Al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 936, akasema Mungu huumba kitendo na mja hukichuma. Hilo ndilo kasb. Maibadhi wa Omani na Zanzibar nao wana neno la kuchuma. Kwa hiyo Ukungu, vizani umevikuta, sawa. Kuchuma kwako ni kule kuvitumia. Hakuna anayeulizwa kwa nini alizaliwa na vizani vile.

Na angalieni lugha yetu ilivyotuchezea. "Ajali" kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, wakati wa kufa. Kwa Kiswahili tukaipa gari lililopinduka. Sasa dereva akipita gari lingine kwenye kona, tunasema "ajali haina kinga", na kosa la usukani linabatizwa jina la saa ya mauti.

Merikebu_276

Shekhe, umenikumbusha Matendo ya Mitume 27, ambayo wahubiri wengi huisoma nusu. Paulo yuko baharini, tufani siku nyingi. Anawaambia wenzake kuwa malaika amemhakikishia: hapatapotea nafsi ya mtu, ila merikebu tu. Ahadi imekwisha kutoka. Halafu mabaharia wanashusha mashua kisirisiri wakimbie, na Paulo yuleyule anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Askari wakazikata kamba za mashua. Watu 276 walifika pwani.

Ahadi na kamba vilikwenda pamoja. Paulo hakuona kuwa kisu cha askari kinaitilia shaka ahadi.

Mwanakutwa

Hapo mmenipa nilichokitafuta. Wagiriki waliiita hoja ya mvivu: kama imeandikwa utapona, utapona umwite tabibu usimwite, kama imeandikwa hutapona, hutapona umwite usimwite, kwa hiyo kumwita ni bure. Krisipo, mwanafalsafa wa Wastoa, aliyeamini kadari kuliko Ukungu, aliikataa. Alisema mambo mengine yameandikwa kwa pamoja: kupona na kumwita tabibu ni maandishi ya mstari mmoja. Huwezi kusoma nusu ya mstari ukasema umejua mwisho.

Sasa nani atuonyeshe mstari huo kwa mtoto ambaye tayari ni SS? Huko ndiko neno "imeandikwa" linakoua.

Wodi_Saba

Ngoja nijibu hili, na niseme mapema kuwa linanikera. Watoto wengi wenye selimundu wamekufa kabla ya miaka 5 si kwa sababu ya herufi peke yake, ila kwa sababu ya vitu vinavyozuilika, na waliobaki wakaambiwa "hawa hawaishi".

Bandama la mtoto wa SS huharibika mapema, kwa hiyo bakteria wa nimonia wanamshinda haraka. Mwaka 1986 Marekani walichapisha jaribio la penisilini ya kumeza, 125 mg mara mbili kwa siku kwa watoto wadogo. Maambukizi makali ya damu yalipungua kwa 84%, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Baada ya miaka 3 dozi huwa 250 mg mara mbili, mpaka angalau miaka 5. Kinachoharibika: dawa inatolewa wiki mbili, mtoto anaonekana mzima, inaachwa. Hii si dawa ya kutibu, ni ukuta. Ukuta hauvunjwi kwa sababu mwizi hajaja leo.

Ya pili ni haidroksiyurea. Humfanya mgonjwa atengeneze himoglobini F zaidi, nayo F huzuia zile nyuzi kushikana. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao kwa asili hubaki na F nyingi, huumwa kwa unafuu zaidi: herufi ileile, mwenendo tofauti. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 walianza dawa. Matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, malaria kutoka 47 hadi 23, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dozi ya kuanzia huwa 15 hadi 20 mg kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 180 hadi 240 mg, kwa hiyo kidonge cha 500 mg si chake, na kukikadiria kwa macho nyumbani ni hatari. Damu ipimwe mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe. Mjamzito asiitumie wala asichezee unga wake.

Na la mikononi kabisa, lisilohitaji duka la dawa. Mama afundishwe kupapasa bandama. Mtoto alale chali, magoti yamekunjwa kidogo, tumbo limelegea. Vidole viwekwe bapa chini ya mbavu za kushoto, visukume taratibu mtoto anapovuta pumzi. Ajue lilivyo siku mtoto akiwa mzima. Siku akikuta limeshuka ghafla, na viganja na midomo imepauka, damu imejikusanya ndani ya bandama, na zimebaki saa chache tu. Asisubiri kesho, wala asipitie kwa mganga. Vilevile homa ya nyuzi 38.5 au zaidi: hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimesema ipo, kwa sababu malaria na bakteria huweza kuja pamoja.

Tairi_Mbili

Niingie kidogo na lile la ajali. Mapitio makubwa ya tafiti za pikipiki, 2008: kofia ngumu hupunguza kifo kwa takriban 42% na majeraha ya kichwa kwa 69%. Hizo 42% ni za jitihada, zilizobaki waiteni kudura mkipenda. Ila kofia isiyofungwa kamba ya kidevu hutangulia kuruka kabla ya kichwa kugonga lami. Kamba iruhusu vidole viwili tu kupita chini ya kidevu.

Subira_K

Nawasoma tangu juu. Nina swali la wazi. Posa imepokelewa, mahari imelipwa, tarehe imetangazwa. Wanapima, wote AS. Kuvunja ni kukimbia kadari? Na wakikataa kuvunja, wafanye nini hasa?

Bin_Majid

Dada Subira, kwa neno la Umar, wako bondeni na pande zote mbili wanaziona. Kuvunja si kosa la kadari, na kuoana si kosa vilevile. Kosa ni kufumba macho kisha kusema sikuona.

Saudi Arabia walifanya kipimo cha kabla ya ndoa kuwa cha lazima mwaka 2004, lakini uamuzi wakawaachia wenyewe. Mwaka huo wa kwanza, wachumba wenye majibu ya hatari walioacha kuoana walikuwa kama 9%. Kufikia 2009 walikuwa zaidi ya nusu. Ukungu, litazame hili: sheria ni ileile, karatasi ni ileile. Kilichobadilika huenda ni watu kuelewa wanachokisoma, na wengi zaidi kupima wakati posa bado haijajulikana mtaani.

Ukungu

Ustadhi, mimi ningesema elimu nayo ni sababu iliyowasukuma kutoka nje. Lakini nakubali hili: kama kadari hufanya kazi kwa kupitia kuelewa kwa mtu, basi anayemnyima mtu maelezo naye ni sehemu ya maandishi, na analaumika.

Hesabu_Mezani

Subira, muda ndio kila kitu hapo. Wapimwe kabla ya posa, si baada ya kadi za mialiko. Aibu ya kuvunja inapanda kila wiki, ile 25% haisogei.

MaabaraNne

Nijibu sehemu ya "wafanye nini hasa".

Kwanza kipimo kirudiwe kwa elektroforesisi au HPLC (mashine nyingine inayotenganisha himoglobini) kama cha mwanzo kilikuwa cha kujikunja tu. Nimekwisha kueleza sababu. Waende wote wawili siku moja, na kila chupa iandikwe jina mbele ya mwenye damu. Chupa zikibadilishana majina, familia mbili zinapewa kadari za wenzao.

Wakiamua kuoana, ziko njia tatu. Kuna kupandikiza mimba kwa kuchagua kiinitete kisicho SS, njia ghali na ya hospitali chache. Kuna kupima mimba: kipande cha kondo kuanzia wiki ya 11 hivi, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya kipimo iko chini ya 1%, lakini wajue kabla ya kupima watafanya nini na jibu, na sheria na imani zao zinasemaje, kwa sababu sindano ikishaingia hakuna muda wa kuanza kujadiliana. Kuna ya tatu, iliyo karibu na watu wengi: kuzaa, na kumpima kila mtoto mapema bila kusubiri vidole vivimbe.

Hiyo ya tatu inafanywa hivi. Kisigino cha mtoto kipashwe joto kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika chache. Choma ukingo wa kisigino, si katikati, mfupa uko karibu. Futa tone la kwanza, lina majimaji ya ngozi. Tone la pili liguse duara la kadi ya karatasi lenyewe, lijae mpaka upande wa nyuma, usirudie kudondosha juu yake. Kadi ilazwe bapa kivulini saa 3 hadi 4, isianikwe juani, isiingizwe kwenye bahasha ikiwa mbichi. Andika tarehe ya kuzaliwa, na kama mtoto aliongezewa damu andika hilo kwa herufi kubwa. Jibu likija FS, maana yake F ya utotoni na S, bila A. Rudia kipimo kuthibitisha, lakini penisilini usiisubirishe. Iwe imeanza kabla hajatimiza miezi 3.

Subira_K

FS nimeielewa. Na FAS?

MaabaraNne

F, kisha A, kisha S, zikipangwa kuanzia iliyo nyingi. A ikitangulia S, huyo ni mbebaji. Andikeni kwenye kadi yake ya kliniki, isipotee, mpaka siku naye atakapotaka kuposa au kuposwa.